Mjomba, kadi ya kliniki ninayo mimi

Mjomba wangu, shikamoo.

Tangu Jumapili nakupigia, simu inaita mpaka inakatika. Naamini umeshajua ninachotaka kukwambia. Nakuandikia hapa hadharani, bila kutaja jina lako wala la mdogo wangu, kwa sababu si wewe peke yako. Kuanzia Mtwara mjini mpaka Newala, Masasi mpaka Nachingwea, wako wajomba na akina baba wanaoitwa pembeni ya uwanja na kuambiwa maneno yaleyale uliyoambiwa wewe: "Kijana ana mpira, tatizo ni umri tu. Huo tunaurekebisha."

Mama alinipigia usiku. Alisema ulifika, ukala, ukaulizia mvua, halafu ukaomba kadi ya kliniki ya dogo. Hakukupa. Asubuhi aliifunga kwenye bahasha akamkabidhi kondakta wa basi, na sasa iko mezani kwangu. Pembe zake zimelika, na kwenye mkunjo mtu aliwahi kubandika gundi ya karatasi ambayo imegeuka njano. Tarehe ya kuzaliwa imeandikwa kwa wino wa bluu: Machi 2008. Wino umefifia, lakini ile nane inasomeka vizuri. Wewe unataka isomeke 2010.

Sikuandikii kwa dharau, Mjomba. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno kwa watoto wa dada yake, na wewe hukulitumia neno hilo vibaya hata siku moja. Mwaka ule korosho ziliposhuka bei, uliuza magunia yako ya akiba ili nibaki shule. Najua unamtakia dogo mema. Na mpira anao kweli. Likizo iliyopita nilikaa chini ya mkorosho nyuma ya goli nikamtazama saa nzima. Kwenye mchanga ule, ambapo wenzake wanaukimbilia mpira kwa pupa, yeye anausubiri udunde mara moja, anaupokea kwa paja la kushoto na kugeuka huku ameshajua anampa nani. Hilo halifundishwi kwa wiki moja. Ndiyo maana sitaki liharibiwe.

Huyo mtu aliyekuja na begi la jezi amekwambia Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17. Na mimi nataka ujue Serengeti Boys imepitia nini kwa sababu ya jambo hilihili.

Mwaka 2005 timu hiyo ilishafuzu kwenda fainali za Afrika kule Gambia. Tulienguliwa kwa kumchezesha kijana aliyezidi umri, nafasi wakapewa Zimbabwe. Fikiria wale wengine waliokuwa na umri halali. Walitoka jasho, walishinda, wakabaki nyumbani kwa kosa la karatasi ya mtu mwingine.

Kisha likaja la 2016. Tuliwafunga Congo Brazzaville 3-2 hapa nyumbani, kwao tukafungwa 1-0, tukatolewa kwa goli la ugenini. Tukakata rufaa kuhusu umri wa mchezaji wao mmoja. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, wakaagiza aletwe apimwe, hakuletwa. Congo wakaondolewa, Serengeti Boys wakaenda fainali za Afrika kule Gabon 2017. Uliangalia mechi zile, Mjomba, kwenye kibanda umiza, na wewe ndiye uliyenilipia kiingilio. Tulitoka suluhu na Mali, ambao mwishoni ndio walibeba kombe. Angola tukawafunga 2-1. Tukaja kufungwa na Niger bao moja. Tulikuwa na pointi 4 na wao 4, wakapita wao kwa kuwa walitufunga, na waliofika nusu fainali ndio waliokwenda Kombe la Dunia la vijana kule India. Ulitoka kimya ukakaa juu ya baiskeli yako muda mrefu bila kuondoka. Nahodha wetu siku zile alikuwa Dickson Job, huyuhuyu wa Yanga na Taifa Stars.

Tulikwenda Gabon kwa sababu wenzetu walishindwa kumleta kijana wao kwenye kipimo. Leo unataka dogo awe yeye ndiye anayeogopa kipimo.

Na kipimo chenyewe hakisomi cheti. Tangu Kombe la Dunia la vijana la 2009 kule Nigeria, FIFA wanatumia MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha ya ndani ya mwili, kwenye kifundo cha mkono. Kijana anayekua huwa na gegedu karibu na ncha ya mfupa, pale mfupa unaporefukia. Kadiri anavyokomaa, gegedu linageuka mfupa na ule mstari unafutika. Kwa wavulana ni nadra ufutike kabisa kabla ya miaka 17. Unaweza kwenda kuapa kwa hakimu, unaweza kupata cheti kipya chenye muhuri mzuri kuliko wa zamani, mkono ukiingia kwenye mashine unasema wa kwake.

Hata wanaopita hawalali salama. Mwaka 2019 fainali za Afrika za chini ya miaka 17 zilichezwa Dar es Salaam. Guinea walifika fainali, wakafungwa na Cameroon kwa penalti tu. Baadaye ikabainika wachezaji wao wawili waliwahi kwenda mashindano Japani wakiwa na tarehe nyingine za kuzaliwa. Guinea hawakwenda Kombe la Dunia la vijana kule Brazil, wakaenda Senegal.

Tuache FIFA, turudi nyumbani. Siku dogo anatoka jandoni ulimbeba wewe mabegani. Wenzake aliotoka nao wote wapo. Mmoja anaendesha bodaboda pale stendi, mwingine amemaliza kidato cha nne, mwingine ana mtoto. Nani kati yao atamtazama dogo usoni akisikia ana miaka 16? Na matokeo yake ya darasa la saba je, na kitambulisho cha taifa? Utafuta wapi na kuacha wapi? Kila siku atakuwa anakumbuka amemwambia nani umri gani.

Lakini kinachoniuma zaidi ni mtoto ambaye humjui. Yuko mahali, Tandahimba au Liwale, amezaliwa kweli 2010, bado mwembamba, bado anasukumwa na upepo. Siku ya majaribio atasimama mbele ya dogo mwenye ndevu zilizonyolewa asubuhi. Atapigwa bega, ataanguka, kocha ataandika jina la aliyebaki amesimama. Wakubwa wanaocheza na watoto namna hiyo watu wanawaita vijeba. Sitaki mdogo wangu aitwe hivyo na mtoto anayelia.

Umri wake halali una mlango wake, Mjomba. Ngorongoro Heroes ni timu ya chini ya miaka 20, na imecheza fainali za Afrika Mauritania 2021 na Misri 2025. Dogo wa 2008 anaruhusiwa huko bila kugusa karatasi yoyote. Namungo wako Ruangwa, si mbali, na klabu za Ligi Kuu zina vikosi vya vijana. Aende akajaribiwe kwa miaka yake mwenyewe. Akikosa mwaka huu, hajakosa maisha.

Fedha uliyotanguliza kwa huyo mtu, usiifuate kwa kuongeza nyingine. Kama ni ya mauzo ya msimu huu, niambie kiasi gani, tutaona namna.

Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Kadi sitakuja nayo. Nakuja na viatu vya mpira, namba 41, vyenye meno mafupi ya kwenye mchanga. Mwambie dogo asiende shamba mapema, nataka avijaribu nikiwepo. Na wewe naomba uwepo, tukae watatu pamoja na mama, mezani, ulisikie neno langu na mimi nilisikie lako.

Mpwa wako.