Asante dada wa eko
Dada uliyempima mzee wangu eko ya moyo (ile picha ya moyo ya ultrasaundi) wiki iliyopita, jina lako sikuuliza, asante sana aisee. Sisi tulitoka Mbagala kwa ajili ya presha tu, foleni ishatuchosha, we ukageuza skrini ukatuonyesha kile kidoa cheupe kwenye vali ya aota, ule mlango damu inapotokea moyoni kwenda mwilini, ukasema hiyo kalsiamu, vali bado inafunguka vizuri ila ikijijenga hapo inawezekana na mishipa inayolisha moyo inaanza kuziba, msiondoke bila kumuuliza daktari. Mzee akabisha, eti mbona kifua hakiumi! Kuja kupima, kweli mshipa mmoja umeziba karibu nusu. Saa hizi anameza statini, dawa za kushusha kolesteroli, sigara kaacha, chipsi mayai anaziangalia kwa mbali huku kanuna.