Kabla ya kufunga vibanda vya gemu, tuulize ni gemu gani

Mhariri,

Nimekuwa nikifuatilia katika ukurasa huu mjadala kuhusu vibanda vya gemu mitaani, na wengi wa walioandika wanataka vifungwe vyote kwa mpigo. Naungana nao katika jambo moja: mtoto aliyevaa sare za shule hana shughuli kibandani saa nne asubuhi, na mwenye kibanda anayempokea anastahili kuchukuliwa hatua. Katika mengine yote naona tunatoa hukumu kabla ya kumjua mshtakiwa. Barua nilizosoma zinazungumzia "gemu" kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali filamu tunazibagua vizuri tu: Bodi ya Uainishaji wa Filamu huzipanga kwa umri wa mtazamaji, na hakuna anayedai zote zipigwe marufuku kwa kuwa mojawapo ina damu. Michezo ya video nayo ina aina zake, na linalomfaa au kumdhuru mtoto katika aina moja huenda lisiwepo kabisa katika nyingine.

Hapa Nakuru, kuanzia Bondeni hadi Kaptembwo, ukichungulia kibandani utakuta mara nyingi ni soka. Vijana wawili wameketi kwenye benchi, kila mmoja na pedi ya kuchezea mkononi, na nyuma yao wamesimama wanaongoja zamu, wakitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Mchezo wa kampuni ya Electronic Arts ulitoka mwaka 1993 kwa jina la FIFA, ukalibeba jina hilo hadi mwaka 2023 ulipobadilishwa kuwa EA Sports FC baada ya mkataba na FIFA, shirikisho la soka duniani, kumalizika, ingawa vibandani bado unaitwa FIFA na nadhani utaitwa hivyo kwa muda mrefu. Mshindani wake kutoka Konami ya Japani, uliojulikana kama PES, siku hizi ni eFootball na hupakuliwa bure kwenye simu.

Wazazi wengi hawana wasiwasi na aina hii. Hakuna bunduki, hakuna damu, na barani Ulaya mchezo huo wa Electronic Arts umekuwa ukipewa alama ya umri ya 3, maana yake kwamba hata mtoto wa miaka mitatu hatakutana na picha za kumtisha. Mimi naona ndiyo aina inayohitaji kuangaliwa kwa karibu kuliko zote, na sababu yangu ni pesa. Ndani ya mchezo huo mna sehemu ya kujenga kikosi cha ndoto kwa kufungua pakiti za kadi za wachezaji, na anayenunua pakiti hajui ndani mna nani: huenda akampata mshambuliaji anayetajwa dunia nzima, na huenda akaambulia beki wa akiba asiyemhitaji, kisha akarudi kununua nyingine. Mwaka 2018 mamlaka ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba kuuza bahati ya namna hii ni kamari, na mwanzoni mwa mwaka 2019 Electronic Arts ikaacha kuwauzia wachezaji wa nchi hiyo pointi za kununulia pakiti. Kibandani, ambako mara nyingi watu huchezeana ana kwa ana bila intaneti, hatari huja kwa njia nyingine. Kuna desturi kwamba anayeshindwa ndiye anayelipia mechi, na kutoka hapo hadi kuwekeana dau la shilingi mia moja si mbali. Mzazi anayemkataza mwanawe michezo ya bunduki na kumruhusu soka bila swali lolote amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Aina inayofuata kwa umaarufu ni ya mapigano, ambapo wapiganaji wawili hukabiliana ulingoni hadi mmoja aishiwe nguvu. Street Fighter II ya mwaka 1991 ndiyo iliyoweka kanuni ambazo wengine walizifuata, na Tekken, iliyotoka mwaka 1994, ndiyo inayopendwa zaidi huku kwetu. Asiyeijua aina hii hudhani ni kubofyabofya vitufe ovyo. Mtazame mchezaji hodari kwa makini: ili kurusha kombora la mkono katika Street Fighter, kidole gumba hushuka chini, kikateleza kwa mshazari, kikamalizia mbele, na papo hapo kidole kingine kinabofya ngumi, yote hayo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde na huku akisoma anachotaka kufanya mpinzani wake. Mkenya mwenzetu Sylvia Gathoni, anayejulikana ulingoni kama QueenArrow, alijijengea jina kwa Tekken hadi nje ya mipaka ya nchi, na sidhani kuna atakayesema kwamba alifika huko kwa uvivu.

Ni katika aina hiyohiyo ndipo ulipoanzia ule utaratibu wa alama za umri ninaouzungumzia. Mortal Kombat ilipotoka mwaka 1992, wapiganaji wake walikuwa picha za waigizaji halisi, damu iliruka, na mshindi aliruhusiwa kummaliza mwenzake kwa namna za kuchukiza, kama vile kuung'oa moyo wake. Seneti ya Marekani iliita vikao mwishoni mwa mwaka 1993, na mwaka uliofuata watengenezaji wakaunda bodi yao ya kuainisha michezo, ESRB, kwa kuhofia kwamba serikali ingewatungia sheria. Ulaya ilipata mfumo wake, PEGI, mwaka 2003, wenye alama za miaka 3, 7, 12, 16 na 18. Alama hizo huchapishwa kwenye kasha la mchezo, na hapo ndipo penye tatizo letu, kwa sababu kibandani hakuna kasha. Michezo imeshapakiwa ndani ya mashine, mteja anachagua kwa kutaja jina, na mzazi anayepita nje haoni chochote isipokuwa migongo ya watoto.

Kuhusu michezo ya kufyatua risasi, ambayo ndiyo inayoshutumiwa sana, ningependa wasomaji wajue kwamba ni aina kongwe na yenye matawi mengi. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado alitengeneza Space Invaders, ambapo safu za viumbe kutoka angani hushuka polepole na mchezaji huwalenga kutoka chini. Kadiri maadui walivyopungua ndivyo waliobaki walivyozidi kwenda kasi, na jambo hilo lilitokana na udhaifu wa mashine: ilikuwa ikilemewa na kuwachora wote, na kila mmoja alipoondoka ikapata nafuu. Nishikado alipoona kwamba kasi hiyo inawapandisha wachezaji moyo, aliiacha vivyo hivyo. Doom ya mwaka 1993 ilieneza mtindo wa kumwonyesha mchezaji dunia kwa macho ya mpiganaji, mtutu wa bunduki ukiwa mbele yake, na Call of Duty imefuata njia hiyo tangu mwaka 2003. Hata Nairobi X, mchezo uliotengenezwa na Wakenya na kutolewa mwaka 2015, ambamo jiji letu kuu linavamiwa na viumbe wa kigeni, ni wa tawi hilo.

Tawi lililoteka simu za vijana wetu ni lile la kubaki wa mwisho. Wachezaji wengi hurushwa kutoka kwenye ndege hadi kisiwani bila silaha, wakaokota wanachokipata, na eneo salama likaendelea kubana hadi abaki mmoja au kikosi kimoja. PUBG, Fortnite na Free Fire zote zilianza mwaka 2017. Hii ya mwisho ilienea sana kwa kuwa hukubali kuchezwa kwenye simu za bei nafuu. Tofauti na mechi ya soka kibandani, ambayo humalizika na pedi ikapokezwa mwingine, hapa hakuna kipenga cha mwisho: ukifa, kitufe cha kuanza upya kinakungoja, na marafiki wako wa mbali wanakuita. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa michezo ya video katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022, na kwa maoni yangu mzazi mwenye hofu ya uraibu aanze kutazama simu iliyo chumbani kabla ya kufika kibandani.

Sitaacha kuitaja Grand Theft Auto kwa jina, kwa sababu nimewaona watoto wa shule ya msingi wakiicheza. Ni mchezo wa mji ulio wazi, ambapo mchezaji huenda atakako, hunyang'anya gari lolote na kumshambulia yeyote, na ulianzia Scotland mwaka 1997. Una ucheshi wa kuikejeli jamii ya Marekani ambao mtu mzima ataufurahia. Alama yake Ulaya ni 18, na haikubandikwa kwa bahati mbaya.

Mbio za magari hazihitaji maelezo mengi, ila nitakumbusha kwamba Wakenya walishatengeneza Ma3Racer, mchezo wa simu wa kuendesha matatu, ambao kwa dereva wa hapa kwetu haukuwa na jambo geni. Michezo ya kuruka kutoka jukwaa moja hadi jingine, ambayo mfano wake mkuu ni Super Mario Bros. ya mwaka 1985, huchezwa na watoto wadogo na sijasikia mtu akiilalamikia.

Kinachonisikitisha ni kwamba zile aina zenye manufaa makubwa zaidi kwa akili ndizo adimu kabisa kibandani. Michezo ya mbinu, kwa mfano, ni ndugu wa bao: unahesabu ulicho nacho, unakisia mwenzako anapanga nini, na kosa la mapema hukuumiza baadaye sana. Katika Civilization, iliyotolewa na Sid Meier mwaka 1991, mchezaji huanza na kabila dogo miaka 4000 kabla ya Kristo na kulipitisha katika uandishi, kilimo, dini, viwanda, hata safari za anga, akichagua kila hatua kama atajenga ghala au atafundisha askari. Katika Age of Empires ya mwaka 1997 mambo hayo hutokea bila kupokezana zamu, na anayechelewa kukusanya chakula na mbao hana jeshi.

Jirani na hiyo ni michezo ya kuiga maisha halisi. Mmarekani Will Wright alikuwa akitengeneza mchezo wa helikopta ya kulipua visiwa, akagundua kwamba kuvichora visiwa hivyo na barabara zake kulimpa raha kuliko kuvilipua, na kutokana na hilo akabuni SimCity, iliyotoka mwaka 1989. Mchezaji huwa kama meya: hutenga maeneo ya makazi na ya viwanda, huleta umeme, hutoza kodi, na akizidisha kodi wakazi huhama. Katika jiji kama letu, lililopata hadhi hiyo mwaka 2021 na ambalo bado linabishana kuhusu vituo vya matatu na mitaro ya maji, sioni ubaya kijana wa kidato cha tatu akitumia Jumamosi moja kujaribu kulipangilia jiji lake mwenyewe.

Michezo ya mafumbo ni mingi mno, na bado hakuna uliovuka Tetris, uliobuniwa na Alexey Pajitnov jijini Moscow mwaka 1984: maumbo saba tu, kila moja la miraba minne, yanayoshuka na kupangwa hadi mstari ujae na kutoweka. Ipo pia michezo ya kuvaa uhusika, iliyotokana na mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons wa mwaka 1974, ambamo mhusika hukua kwa saa nyingi za safari na vita. Dragon Quest, Final Fantasy na Pokémon ni za jamii hiyo. Zimejaa maandishi ya kusoma, na huchukua muda mrefu kuliko ambao mteja wa kibanda anayelipia kwa dakika angeweza kuumudu.

Mipaka ya aina hizi huingiliana, nakiri. Yule anayecheza soka anaweza kuingia sehemu ya kuiendesha klabu kama meneja na akajikuta anafanya hesabu za mishahara. Lakini kuna mpaka mmoja usioruhusu mkanganyiko, nao ni ule ulio kati ya gemu na kamari. Zile mashine zinazomeza sarafu madukani, na ule mchezo wa simu wa ndege inayopaa huku dau likiongezeka hadi itoweke, si aina yoyote kati ya nilizozitaja. Katika Tekken anayefanya mazoezi humshinda asiyefanya, ilhali katika mashine ya sarafu hakuna zoezi litakalokusaidia, kwa sababu imepangwa mwenye mashine afaidike. Sheria yetu tayari inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, kwa hiyo wakuu wa mitaa wanaofanya msako na kubeba televisheni na pleisteshoni pamoja na mashine za sarafu katika gari moja wanachanganya biashara halali na kosa la jinai.

Ombi langu kwa wawakilishi wa wadi ni dogo. Leseni ya kibanda cha gemu iwe na masharti matatu: mwanafunzi asiingie saa za masomo, dau la pesa lisiwekwe ndani ya kibanda, na ukutani pabandikwe orodha ya michezo yote iliyo kwenye mashine, kila mmoja ukiandikwa aina yake na alama yake ya umri. Orodha hiyo haihitaji zaidi ya karatasi ya manila na kalamu, na wenye vibanda wanaijua michezo yao yote kwa majina.

Mwalimu na mzazi,
Bondeni, Nakuru