Usizifiche hizo dawa, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako wa jana usiku, kwamba umekutwa na TB, yaani kifua kikuu, nimeusoma na kuurudia, nikakupigia, hukupokea. Sikulaumu. Habari kama hiyo si rahisi kuitamka, tena katikati ya muhula, ukiwa umezungukwa na watu. Ndiyo maana nimekaa nikakuandikia, usome polepole ukiwa peke yako.

Nianze na swali lako la mwisho. Utapona, mwanangu. Kipimo cha makohozi kimeonyesha kwamba vimelea ulivyo navyo havina usugu kwa rifampisini, yaani dawa hiyo kuu ya TB bado inaviua, na hiyo ndiyo habari niliyokuwa naiombea. TB ya namna hiyo ina dawa zinazojulikana, na wanaozimeza zote inavyotakiwa hupona, wakarudi darasani, wakahitimu, wakaendelea na maisha yao. Miezi miwili ya kwanza utameza dawa nne kwa pamoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi minne inayofuata zitabaki mbili za mwanzo.

Kilichoninyima usingizi ni yale maneno mengine: kwamba vidonge umevificha ndani ya soksi chini ya sanduku, kwamba wenzako wa chumbani wasijue, na kwamba utakuwa unameza wakishatoka.

Unaijua kazi yangu. Nimehudumu kliniki ya kifua kikuu tangu hujaanza shule, na wanafunzi wa vyuo nimewaona wengi. Wanaelewa upesi, wanauliza maswali mazuri, na bado baadhi yao huishia kuacha dawa njiani. Watu husema ni uvivu au ubishi wa ujana. Mimi sikubaliani nao. Wengi niliowahudumia waliangushwa na siri.

Namkumbuka kijana mmoja wa mwaka wa tatu aliyekuwa akiweka vidonge ndani ya kiatu cha michezo. Akiamka akamkuta mwenzake bado yuko kitandani na simu, anaahirisha: nitameza mchana. Mchana yuko maktaba, dawa ziko chumbani. Usiku chumba kimejaa watu wanaojisomea kwa pamoja. Kesho yake hivyo hivyo. Aliporudi kliniki tulizipanga karatasi za vidonge mezani, na vidonge vilivyobaki vilikuwa vingi kuliko vilivyomezwa. Yeye mwenyewe alishtuka. Hakuwa ameamua kuacha dawa hata siku moja, alikuwa tu akisubiri chumba kiwe kitupu. Kikohozi kilirudi, na kipimo kilichofuata kikaonyesha usugu. Alipona, lakini kwa dawa nyingine zilizomsumbua zaidi, na mwaka ule wa masomo ulimpita.

Vimelea vya TB huongezeka taratibu, na si vyote vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja. Vile vinavyozaliana hufa kwa wingi katika wiki za mwanzo. Ndipo homa za jioni zinakatika, jasho la usiku linakoma, hamu ya kula inarudi na nguo zinaanza tena kukukaa. Lakini vipo vingine vilivyolala ndani ya mapafu, na hivyo dawa huvimaliza kwa shida, kidogo kidogo. Miezi ile minne ya mwisho ni kwa ajili yake. Anayeacha mwezi wa pili kwa kuwa anajisikia mzima anaviachia hivyo viamke. Na anayemeza leo, akaruka kesho, akameza keshokutwa, anavipa vile vichache vinavyohimili dawa nafasi ya kuzaliana peke yake. Hapo ndipo usugu unapotoka.

Najua miezi sita unaiona mirefu. Kabla yake matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu, pengine zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki majaribio yaliyofanywa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na ndiyo yaliyoonyesha kwamba miezi sita inaweza kutosha, mradi rifampisini au pirazinamidi imo. Nawaheshimu sana watu wale. Huu ufupi unaoulalamikia umetokana na wao.

Tena siri yenyewe haitakaa. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa au mwekundu, na hata machozi na jasho hubadilika. Usiogope ukiiona hiyo rangi, haina madhara. Lakini choo mnachangia, nao wana macho. Afadhali walisikie kwako kuliko walitunge wenyewe.

Sasa kuna jambo ambalo sitakubembeleza. Wenzako wale wamelala nawe chumba kimoja muhula mzima, madirisha yamefungwa usiku, wewe ukikohoa tangu kabla ya majaribio ya darasani. TB husafiri kwa hewa. Haiambukizwi kwa kikombe, sahani, shuka, wala kwa kushikana mikono, hivyo hakuna atakayekuwa na sababu ya kukutengea vyombo. Lakini hewa mliivuta pamoja. Wana haki ya kujua ili wapimwe. Atakayekutwa anaumwa ataanza tiba mapema, na wasioumwa daktari ataangalia kama wanafaa kupewa dawa za kuzuia. Siku hizi ipo hata ya kumezwa mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Mtu akiwa na vimelea vilivyolala tu haumwi na hamwambukizi yeyote, ila anaweza kuja kuugua baadaye, labda mwaka wake wa mwisho, labda akiwa kazini. Ukinyamaza, unawanyima nafasi hiyo.

Huhitaji hotuba. Waambie mkiwa wenyewe chumbani, mlango umefungwa: "Nimekutwa na TB. Nimeshaanza dawa. Nesi amesema na nyinyi mpimwe, twendeni pamoja." Kisha uwaache waulize. Mmoja anaweza kukasirika au kuomba kuhama chumba, na itauma. Usibishane naye, hofu hiyo aliikuta duniani. Watu wamesingizia ukoo na laana kwa ugonjwa huu vizazi na vizazi, wakati Robert Koch alikwishatangaza kule Berlin tarehe 24 Machi 1882 kwamba unaletwa na kimelea. Kama maneno yanakushinda, mwombe muuguzi wa zahanati ya chuo aseme mbele yako. Hiyo ni sehemu ya kazi yetu, na mimi nimeifanya kwa watoto wa wenzangu.

Darasa zima halihusiki, wala kundi la simu la kozi yenu. Nje ya chumba wanaohitaji kujua ni mshauri wa wanafunzi na yule anayeshughulikia mitihani, kwa sababu wiki hizi za mwanzo hutakiwi kukaa kwenye ukumbi uliojaa watu. Mara nyingi uambukizaji hupungua sana baada ya wiki mbili hivi za dawa sahihi, lakini siku ya kurudi darasani aiseme daktari wako, usijipangie. Mpaka hapo vaa barakoa ukiwa na watu, funika mdomo unapokohoa, na dirisha lishinde na kulala wazi.

Katika hao wenzako chagua mmoja awe shahidi wako, yule mtulivu unayenisimulia kila likizo. Aone ukimeza, kila siku, saa ile ile, dawa zikiwa mezani waziwazi. Ukisahau, meza siku hiyo hiyo mara unapokumbuka. Kama siku imeshapita, usijaribu kufidia kwa kumeza dozi mbili kesho yake, mwambie nesi. Nami nitakuwa nakuuliza kila jioni, na ninaomba usichoke na swali langu.

Macho yako yaangalie sana miezi hii miwili. Ethambutoli inaweza kuyadhuru, na dalili mojawapo ni kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani, au maandishi ya ubaoni kufifia. Ukiona hivyo nenda siku hiyo hiyo. Ganzi au kuchomachoma miguuni ni isoniazidi, nayo ina vitamini yake, B6, waulize. Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, au ukatapika mfululizo, hilo ni ini: usimeze dozi inayofuata kabla ya kuonana na daktari. Kwa sababu ya hilo ini, pombe hapana, na zile paracetamol unazomeza ovyo wakati wa mitihani zipunguze. Viungo vikiuma, waeleze, usikae kimya.

Lingine ni la mama na binti, na wala usinijibu. Rifampisini hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango. Kama linakuhusu, waambie kliniki wakupe njia nyingine. Na watakapokupima VVU usidhani wamekushuku jambo. Kila mwenye TB hupimwa, kwa sababu jibu lake hubadilisha namna ya kumtibu.

Mwisho wa mwezi wa pili watakupima makohozi tena. Nataka jibu hilo siku hiyo hiyo, lolote litakalokuwa. Halafu itakuja likizo, na baada yake mafunzo kwa vitendo, na hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea: kliniki ya chuoni inadhani yuko nyumbani, ya nyumbani haina habari zake. Kabla hujafunga sanduku, nenda ukachukue barua ya uhamisho na dawa za kukutosha njiani. Barua iandike dozi yako, uzito wako, tarehe uliyoanza na majibu ya vipimo. Ipige picha unitumie, nami nitampigia muuguzi wa huko uendako kabla hujafika.

Ukiona kuahirisha muhula kunakusaidia, ahirisha, ada tutazungumza. Kesho ni Jumamosi, wote watakuwa chumbani. Nitaweka simu karibu kuanzia asubuhi. Ukitaka nisikilize wakati unawaambia, nipigie nitakaa kimya, na ukitaka nizungumze nao nitazungumza.

Wako akupendaye,
Mama