Paka Aliyeitwa Shetani

Tanga,
12 Juni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu sana. Barua yako nimeipata na swali lako limenichekesha: eti wachawi wa Kizungu na paka, kuna nini? Sisi tumezoea bundi na fisi. Basi kaa kitako.

Wengi wa hao paka wanatoka Uingereza, hasa jimbo la Essex. Kwingine Ulaya wachawi walisingiziwa zaidi kwenda usiku kwenye mikutano ya Shetani. Waingereza wao walishtakiana kwa kufuga mapepo ndani ya nyumba, kama watu wanavyosemwa kwetu kufuga majini. Mwaka 1566, mjini Chelmsford, Elizabeth Francis aliiambia mahakama kwamba bibi yake alimpa paka mweupe mwenye madoadoa, jina lake Sathan. Alimlaza kikapuni, akamlisha mkate na maziwa, na kila alipomtuma alimlipa tone la damu. Alipoomba mali aliletewa kondoo 18, kisha wakapukutika wote asijue walikoishia. Shetani gani huyo, kondoo tu wanamshinda!

Baada ya miaka kama 15 Elizabeth alimpa jirani yake, Agnes Waterhouse, paka huyo, naye akapewa keki. Agnes, ajuza wa miaka 64, alimweka kwenye chungu chenye sufu. Umaskini ulipombana akaitaka ile sufu, ndipo akamgeuza paka kuwa chura. Hapo nilisimama kusoma, shoga. Mwanamke anayedaiwa kuwa na Shetani chunguni mwake, na bado anaihitaji sufu ya kulalia paka! Walimnyonga Julai ya mwaka ule ule.

Mwaka 1604, enzi za Mfalme James, sheria mpya ilifanya hata kumlisha pepo mchafu kuwa kosa la kifo. Sasa utathibitishaje kwamba paka huyu si paka? Walimvua mwanamke nguo wakamtafuta chuchu ya ziada ambayo pepo hunyonya. Chunjua tu ilitosha.

Mbaya wao alikuwa Matthew Hopkins, msaka wachawi, aliyeanza kazi yake Manningtree, huko huko Essex, mwaka 1645. Elizabeth Clarke, kikongwe wa mguu mmoja, alikeshezwa usiku baada ya usiku mpaka akaanza kuwaita wanyama wake: Vinegar Tom, mbwa wa kuwindia mwenye kichwa cha ng'ombe, Jarmara, mbwa mnene asiye na miguu, na Sacke and Sugar, sungura mweusi. Hopkins aliandika kwamba majina ya namna hiyo binadamu hawezi kuyabuni. Mnyime mtu usingizi uone atakavyobuni! Mchungaji John Gaule alimpinga waziwazi mwaka 1646, akilalamika kwamba kila bibi mwenye uso wa makunyanzi na mbwa au paka ubavuni sasa anatangazwa mchawi.

Nisisahau mbwa Boy. Huyu alikuwa wa Rupert, mpwa wa Mfalme Charles, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vijitabu vilimwita pepo, eti anadaka risasi kwa meno. Aliuawa vitani Marston Moor mwaka 1644, na maadui wakashangilia. Lakini bwana wake hakuna aliyemvua nguo kumtafuta chunjua.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Wako,
Zuhura