Barua kwa Baba Mdogo kuhusu wapiga picha wa Korea

Seoul, Korea Kusini

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Mimi ni mzima na masomo yanaendelea vizuri, na ninaomba barua hii iwakute nyote mkiwa na afya, hasa Bibi. Uliniuliza kama Wakorea, kwa wingi wa simu walizo nazo, bado wana watu wanaopiga picha kwa moyo, nawe ukarudia msimamo ulioushika tangu ulipofungua studio yako hapo Tanga, kwamba picha iliyochezewa si picha tena. Nimeona nikujibu kwa kirefu, kwa sababu mabishano hayo hayo yamekuwapo hapa kwa miaka mingi, na kazi ninazozipenda kuliko zote zimezaliwa humo.

Kizazi kilichotangulia kilikuwa upande wako. Lim Eung-sik, aliyezaliwa mwaka 1912, alishikilia kwamba kamera iyatazame maisha kama yalivyo. Picha yake mashuhuri ya mwaka 1953, mwaka ambao mapigano ya Vita vya Korea yalisimama, inamwonyesha kijana aliyeegemea ukuta katika mtaa wa Myeongdong, kofia ameishusha usoni na kiunoni amejifunga bango la kuomba kazi, huku nyuma yake wanaume wawili nadhifu wakipeana mikono. Picha hiyo haihitaji maelezo, nami ninaiheshimu mno.

Kisha akaja Koo Bohnchang. Huyu alisomea biashara katika Chuo Kikuu cha Yonsei, akaacha kazi ya kampuni, akaenda Hamburg, Ujerumani, kujifunza upigaji picha na kurejea mwaka 1985. Mwaka 1988, Seoul ilipokuwa ikiandaa Olimpiki, yeye na vijana wenzake walifanya maonyesho katika jumba la sanaa la Walker Hill wakiwa na picha zilizochanwa, zilizopakwa rangi na zilizopangwa kama mchezo wa kuigiza, na wapiga picha wa nchi hii wakagawanyika pande mbili. Baadaye alizishona karatasi za picha kwa uzi, kipande kwa kipande, hadi zikatosha kubeba picha ya mwili mzima wa mtu. Ninajua ungekunja uso. Lakini ukiutazama uzi ule ukipita juu ya ngozi ya aliyepigwa picha, unaona dhahiri jinsi mwili unavyoumia na kuungwa tena, jambo ambalo karatasi laini isingelisema.

Kazi yake iliyonishika zaidi ni ya vyombo. Tangu mwaka 2004 amekuwa akizunguka kwenye majumba ya makumbusho, si ya Korea tu bali pia ya Ufaransa, Uingereza na Japani, akipiga picha za kauri nyeupe za enzi ya Joseon, ufalme wa zamani wa Korea, ambazo nyingine zilichukuliwa zikapelekwa ng'ambo. Mitungi mikubwa ya aina hiyo, ambayo Wakorea huifananisha na mwezi, hufinyangwa kwa kuunganisha mabakuli mawili, na kwa hiyo tumbo lake halilingani kamwe. Koo haufichi upungufu huo. Huuweka mtungi mbele ya weupe mtupu, akaulegeza mwanga mpaka kingo zikaribie kuyeyuka, lakini mikwaruzo na madoa ya matumizi yakabaki. Sijawahi kuona chombo kilichopigwa picha kwa heshima kiasi hicho, na mabakuli anayoyapiga ni ya watu waliokula na kunywa, si mapambo.

Wewe uliyezoea chumba cha giza ungempenda pia Lee Jungjin, mwanamke aliyesomea ufinyanzi. Katika kazi zake nyingi alipaka dawa ya picha kwa brashi juu ya hanji, karatasi ya jadi inayotengenezwa kwa maganda ya mforsadi, ndipo akasafisha picha zake humo, na michirizi ya brashi huonekana pembeni mwa majangwa na miamba aliyoipiga. Atta Kim naye aliacha shata ya kamera, yaani kile kilango cha kuingizia mwanga, wazi kwa muda wa saa nane katika mitaa ya miji mikubwa, hata watu na magari yote yakatoweka na majengo yakabaki peke yake. Hakufuta kitu, muda ndio uliofuta.

Hapo ndipo ninapotofautiana nawe, kwa adabu zote. Noh Suntag ni mpiga picha za matukio hasa, kama unavyotaka wewe. Alikwenda Daechuri, kijiji cha wakulima huko Pyeongtaek waliokuwa wakiondolewa ili kambi ya jeshi la Marekani ipanuliwe, akakuta juu ya mashamba yao kuna kuba jeupe la rada. Kwa kuchagua tu mahali pa kusimama, akalifanya kuba lile lionekane mara kama mwezi, mara kama mpira, likimfuata kila mwanakijiji katika kila picha. Mwaka 2014 alitunukiwa Tuzo ya Msanii ya Korea. Je, Baba Mdogo, huko ni kuchezea, au ni kueleza jinsi wanakijiji wale walivyoishi chini ya kitu wasichoambiwa ni cha nini? Mimi ninasema ni kueleza, na kwa kipimo hicho hicho ninautetea uzi wa Koo. Nijibu bila kunihurumia.

Nisalimie Bibi, Mama na wadogo zangu wote.

Ni mimi mwanao,
Rukia