Mama Brayo, hiyo 614 usiipande Machakos

Mama Brayo wangu,

Umeamkaje huko Umoja? Nimesoma meseji yako ya jana usiku kuhusu hiyo shamba ya kukodi huko nyuma ya Machakos, nikaona hii maneno haiwezi kuisha kwa simu, wacha niandike sasa kabla wateja waanze kusumbua.

Kulima sikukatazi, lima. Kilichonishtua ni kwamba umeshanunua mbegu ya mahindi ya 614 eti kwa sababu shemeji yako wa Kitale anajaza stoo kila mwaka. Mama, Kitale ni Kitale. Kule mvua ikishika kitu ya mwisho wa Machi ama Aprili inaenda tu, inapunguza kidogo inarudi, mpaka huko Oktoba, kwa hivyo mahindi ya kukaa shambani miezi sita na zaidi haikosi maji. Machakos mvua inakuja mara mbili, Machi hadi Mei halafu Oktoba hadi Desemba, na ndani ya hiyo miezi yote ile ya maana ni wiki chache. 614 itakuwa ndio inaanza kutoa mbelewele na mvua imeshaenda zake, utavuna majani ya ng'ombe na huna ng'ombe. Watu wa huko hawapandi Katumani kwa sababu ya ushamba, hiyo mbegu ilitengenezwa hapo hapo Katumani karibu na Machakos mjini kwa ajili ya hiyo mvua fupi. Kama miezi mitatu hivi imekomaa. Gunzi ni dogo, shemeji atacheka, mwache acheke.

Halafu sahau hiyo mpango ya kuanza Machi. Sisi wa Nairobi tukisikia mvua ndefu tunadhani ndio kubwa kila mahali, lakini Ukambani, huko Machakos na majirani zake, ile watu wanategemea ni ya Oktoba, ya Machi inaweza kukunyeshea vizuri ukafurahi, ukapalilia, halafu ikapotea kabisa. Muulize yule mama wa ndengu hapo stejini kwenu, atakwambia. Wengi hata wanapanda kwa vumbi kabla tone la kwanza, ndio mbegu isipoteze hata siku moja ya unyevu.

Na hata hiyo ya Oktoba isikupe kiburi. Inaongozwa sana na bahari, maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakipata joto na yale ya upande wa Indonesia yakipoa, tunanyeshewa mpaka tunalia, ikigeuka ni kiangazi. Si unakumbuka kuanzia mwisho wa 2020 mpaka 2022, misimu mitano mfululizo mvua ilifeli, mifugo ikaisha huko kaskazini na Kajiado, halafu mwisho wa 2023 ikaja mvua kubwa ya El Niño, na Aprili 2024 maji yakabeba nyumba za watu hapa Mathare. Nchi ni ile ile! Kwa hivyo mtu akikwambia hiyo shamba ilitoa magunia kadhaa mwaka fulani, muulize mwaka huo mvua ilikuwa aje. Watu wa hali ya hewa pale Dagoretti Corner hutoa utabiri kabla ya kila msimu, na wanagawanya kwa kaunti, hiyo isome kuliko kusikiliza dalali.

Sasa nyanya. Hapo ndio najua vizuri kwa sababu nazinunua kila alfajiri soko la Marikiti nikauze. Mvua ikizidi, nyanya za shamba la wazi zinaliwa na blaiti, ule ugonjwa wa kuozesha majani na matunda, barabara za mashambani zinageuka matope lori haziingii, na kreti inapanda bei mpaka naona aibu kumwambia mteja. Wanaokula hiyo pesa ni wenye maji yao, wale wa Loitoktok wanaotumia chemchemi za Kilimanjaro na wale wa Mwea. Sasa wewe unataka nyanya Machakos na maji ni ya kisima, umeonja hayo maji? Upande huo visima vingi viko na chumvi, peleka yapimwe kabla ulipe hata shilingi. Na usifikirie kukimbilia Kinangop kwa sababu ni kijani, huko Januari usiku mbingu ikiwa safi sakitu inaanguka na asubuhi waru, yaani viazi, imekuwa nyeusi kama imemwagiwa maji moto, hasa ile ya bondeni, ya mteremkoni mara nyingine inapona.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. 614 mpelekee shemeji. Chukua Katumani, changanya na kunde na ndengu, na mbaazi katikati ya mistari, hiyo haina haraka, utaipanda Oktoba na mahindi lakini utaivuna kama Julai mwaka unaofuata, inangoja mvua ya pili. Angalia kama shamba iko na fanya juu, yale matuta ya kuzuia maji yasibebe udongo, kama hakuna na iko mteremkoni basi mvua ya kwanza tu itapeleka mbolea yako Athi River, mwambie mwenyewe apunguze kodi. Na ukivuna kukiwa na mvua usiweke mahindi mbichi kwa gunia, 2004 huko huko Ukambani watu zaidi ya 100 walikufa kwa sumu ya kuvu ya mahindi. Kausha hadi ikilie kwa meno.

Usilipe deposit bado. Jumamosi sina mzigo mkubwa, twende tuione pamoja, tuchukue matatu za mapema pale stejini ya Machakos Kantri Basi hapa Nairobi, na tafadhali usivae vile viatu vyako vya kanisa. Nitabeba chai.

Salimia Baba Brayo, mwambie ile debe yangu bado naitaka.

Wako,
Mama Shiko