Barua kwa mwanangu: babu yako, askari na seremala

Mafinga

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Sisi huku hatujambo, na tanga limekwisha salama. Kwa kuwa mitihani ilikuzuia kufika mazishini, wapo watakaokusimulia habari za babu yako, na karibu wote wataanza na vita, kama walivyofanya wasemaji siku ile, mmoja wao kwa muda mrefu kuliko alioombwa. Siwalaumu, kwani vita ile aliipigana kweli. Hata hivyo, mimi niliyelelewa naye napenda uijue pia miaka iliyofuata.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi yetu hadi Mto Kagera, kisha yakalivunja daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga tunavyo, jeshi liliongezewa mgambo wa vijijini na vijana wa JKT, na babu yako, aliyekuwa mgambo na fundi kijana, akaondoka pamoja nao. Masaka ilitwaliwa Februari 1979, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Sisi wanawe alitusimulia machache tu: jinsi walivyotembea kwa miguu mvuani hadi buti zikawaozea, na wenzake ambao hawakurudi, wengine wao wakiwa wamelazwa Kaboya, kule Muleba. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, alikaa na redio yake tangu asubuhi, na hakuna aliyethubutu kumletea kazi.

Aliporudi alikuta nchi imeelemewa na gharama za vita, na baada ya muda hata misumari ikaadimika madukani. Naamini hapo ndipo ufundi wake ulipokomaa. Aling'oa misumari kwenye masanduku ya zamani, sisi tukainyoosha kwa nyundo juu ya jiwe, na pale ambapo wengine wangepigilia, yeye alitoboa mbao moja kwa patasi, akachonga ulimi kwenye mbao ya pili, akaziunganisha kwa gundi na kijiti cha mti mgumu. Vitanda vile bado vinalaliwa hapa mjini. Mbao za paina kutoka Sao Hill alizipanga chini ya bati, zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, wala hakuzigusa kabla hazijakauka, kwa sababu mbao mbichi hupinda ikiwa tayari imekuwa mlango. Mteja mwenye haraka alimwelekeza kwa fundi mwingine, jambo ambalo bibi yako hakulipenda hata kidogo, kwani sare na madaftari yetu havikusubiri mbao zikauke.

Nikiwa darasa la tano alinifundisha kushika randa. Majirani walisema kazi ile si ya msichana; hakubishana nao, bali alinitengenezea kibao cha kusimamia ili niifikie meza yake ya kazi.

Jeneza la mtoto mdogo hakulitoza fedha, hata kama mzazi alikuwa na uwezo wa kulipa. Alilitengeneza usiku uleule, akalipiga msasa ndani na nje, ingawa ndani hakuna ambaye angepaona. Siku moja nilimuuliza sababu, naye akanijibu kwamba kule vitani walizika wenzao wakiwa wamefungwa turubai tu, kisha akaendelea na kazi. Wasemaji wa mazishini hawakulitaja jambo hilo, kwa kuwa hakuwa amemwambia mtu.

Mjomba wako amechukua misumeno. Randa na patasi nimekuwekea wewe. Limebaki kabati ambalo mama mmoja wa sokoni alikwisha kulipia nusu. Milango yake miwili haijafungwa, na mbao zake zimekauka vizuri. Ukija likizo tutalimalizia pamoja, kwa hiyo usipange safari nyingine wiki ya kwanza.

Ni mimi mama yako.